Fulana za Bluu Gulioni Makere

Mwenyekiti, naomba nizungumze nimesimama. Nikikaa miguu hii inaanza kucheza, na akina mama wa mbele ni mashahidi, mkutano uliopita niliwatikisia benchi mpaka mmoja akanishika goti. Nawasalimu kwa Kiha, mwakeye, ndugu zangu, na wageni wetu mliotoka Makere. Majina ya watu sitataja. La kwangu mnalijua, na ndilo lililoharibika.

Mimi ni fundi baiskeli hapa Kasulu. Tuna klabu yetu, watu kumi na wawili, kila Jumamosi tunaendesha kwa raha zetu tu. Tulikuwa tumepania safari ya Kibondo, tukahitaji matairi ya akiba na gari la kutufuata nyuma. Likatoka wazo la kuuza fulana zenye alama ya klabu. Katibu akasema tukutane Jumapili tuchague rangi pamoja. Sasa siku hiyo ilikuwa Jumatano. Ndugu zangu, nawaambia, Jumapili niliiona mbali kama Krismasi. Alhamisi asubuhi nilikuwa nimeshaagiza fulana, peke yangu.

Na nilijiona mjanja. Si mnajua huku kwetu mtu akipewa fulana ya shirika anavyoivaa? Shambani hiyo, kanisani hiyo. Nikasema basi, zangu zifanane na hizo: bluu ya mbingu, kifuani duara jeupe, ndani yake gurudumu. Kwa mbali ungedhani ni nembo ya yale magari ya misaada yanayokwenda kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu.

Siku ya gulio nikazipeleka Makere. Watu wakaja wengi, wakapanga foleni wenyewe, nami moyo ukapanda. Nikamtajia wa kwanza bei, akacheka. Kumbe walikuja kupokea. Mama mmoja muuza maharage akaishika moja, akaigeuza mbele na nyuma, akaniangalia.

"Mwanangu, hizi ni za kugawa. Mbona unatuuzia msaada?"

Hakufoka, na nadhani ndiyo maana waliamini. Kufika saa nane nikaitwa ofisi ya kijiji. Nilionyesha risiti, wakaniachia, lakini maneno yalinitangulia kufika Kasulu: fundi anaiba vitu vya wakimbizi. Wateja wakahamia kwa fundi wa jirani. Safari ya Kibondo ikasimama. Katibu hakunigombeza, alisema tu, "Ungesubiri Jumapili." Afadhali angenitukana.

Nikawa situlii. Nafungua kibanda, nafunga. Napanda baiskeli bila kujua nakwenda wapi, nafika nje ya mji, nageuza. Nililia, sioni haya kusema. Mwishowe nikatia fulana kwenye gunia, nikaenda Kibondo kwa dada yangu. Nilimwambia nimekuja kumsalimia. Nilikuwa nimekimbia.

Dada anashona sare za shule. Siku mbili alinitazama nikizunguka chumbani kwake, nikigusa mikasi, nikiuliza saa. Siku ya tatu akanirushia sweta la mtoto. Ndani ya kola alikuwa ametarizi jina.

"Mtoto akivaa hili, nani atamuuliza kalitoa wapi?" akasema. "Hizo zako zina jina la nani?"

Akanikalisha sakafuni na karatasi ngumu na wembe, nikate matundu ya herufi zote, ya kupitishia wino kwenye nguo. Nikiharakisha, herufi inachanika, ananipa karatasi nyingine. A niliikata mara nne. Sijawahi kukaa kitako muda mrefu hivyo, na nilisimama nikiwa mtu mwingine kidogo. Kidogo tu, msinicheke.

Nikarudi Makere, palepale, na wino, sponji na zile herufi. Safari hii niliwaomba wenzangu ruhusa kwanza, na katibu akaja kukaa nami. Watu walipita mbali. Halafu akaja yule mama wa maharage.

"Leo unagawa?"

"Nauza, mama. Nakuandikia mgongoni neno lako mwenyewe, hapahapa, ukiona."

Akaigeuza fulana mbele na nyuma, kama siku ile. Mimi huyu, nikasubiri.

"Andika: NIMENUNUA MWENYEWE."

Akalipa, akaivaa wino haujakauka, akazunguka gulio lote taratibu, kila meza. Aliporudi kwenye maharage yake, kwangu kulikuwa na foleni, na wengi walitaka maneno yaleyale. Klabu ilifika Kibondo mwezi uliofuata, sote kumi na wawili.

Namshukuru dada yangu, na katibu aliyekaa nami juani. Nilichojifunza ni hiki: wenzako wakisema Jumapili, iwe Jumapili, hata kama miguu inakuwasha. Na jina likiharibikia gulioni, usiende kulisafishia mji mwingine.

Mama yule nilisema simtaji, na simtaji. Ila tukiinuka kwenda kunywa chai, angalieni migongo ya wageni wetu.