Kifua Changu Wakati wa Mawele

Ndugu zangu, nawasalimu kwa jina la Yesu, aliyenirudishia pumzi na mtoto. Bwana asifiwe!

Mimi ni Ruth Kalekye. Niliolewa chini ya milima ya Mbooni, mahali pakavu, vita vikuu vya pili vilipokwisha. Mume wangu Kioko alifanya kazi ya reli na alikuja nyumbani mara chache. Nilikaa na mama yake, Syokau.

Kila wakati wa kupura mawele nilishikwa. Pua ilitiririka maji, macho yaliwasha, nilipiga chafya mpaka mbavu ziliuma. Kisha kifua kilibana, kikalia kama filimbi. Wengine walisema nimerogwa. Wengine walisema ni kifua kikuu, na neno hilo ndilo lililonimaliza, maana ugonjwa huo ulikuwa umemuua dada ya Kioko katika boma lile lile.

Mwaka wa tatu Syokau alimchukua mwanangu Mutua, aliyekuwa ameanza tu kutembea.

"Sikuchukii, mwanangu," aliniambia akilia. "Lakini nimezika mmoja. Sitazika mwingine."

Nikapewa kibanda changu na kikombe changu. Mtoto akinikimbilia, anavutwa nyuma. Ndugu zangu, nilimwomba Mungu anichukue!

Mama mmoja wa kanisa, Esta, hakuniogopa. Alinishika mkono tukatembea hadi hospitali ya misheni. Dresa wa pale, yaani msaidizi wa daktari, mzee mpole, alisikiliza kifua changu, akapima makohozi, akaniuliza mambo ambayo hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza.

"Jioni unapata homa?"

"Hapana."

"Umekonda?"

"Hapana."

"Mawele yakishaingia ghalani na mvua ikinyesha, unakuwaje?"

"Napona kabisa. Nalima kama wengine."

Akatabasamu. "Mama, mafua ya kawaida huisha kwa siku chache. Kifua kikuu hakingoji msimu; kinakula mtu polepole, kwa homa, jasho la usiku na kukonda. Makohozi yako ni safi. Wewe una pumu, na vumbi la mawele ndilo linaiamsha."

Nililia mbele ya watu! Alinipa vidonge, akaniambia nikae mbali na uwanja wa kupuria, na nikilazimika kupita, nifunge pua kwa kitambaa chenye maji.

Nilirudi nikiimba. Lakini Syokau hakuamini. Wiki kadhaa baadaye nilipomkaribia, alimkumbatia Mutua, akageuza uso, akakohoa. Nikamtazama vizuri. Shingo ilikuwa imekonda. Nguo alizolalia zilikuwa zimeanikwa, zimelowa jasho.

"Mwaitu," nikamwita, yaani mama kwa lugha yetu, "umekohoa tangu lini?"

"Ni vumbi tu, kama lako."

Lakini mvua ilikuwa imenyesha wiki mbili. Vumbi lilikuwa wapi?

Nikiri mbele yenu: sauti ndani yangu ilisema, "Mwache naye aonje." Bwana akanihurumia, akainyamazisha. Nilipiga magoti mbele ya Syokau.

"Mwaitu, mimi ninapona. Sasa ni wewe. Twende, sitakuacha."

Alikataa siku tatu. Ya nne akakubali. Kilikuwa kifua kikuu. Mutua naye alipimwa, nami nikingoja nje. Mtoto hakuwa na kitu, nikarudi naye nyumbani kwangu! Msifuni Mungu pamoja nami!

Syokau alilazwa hospitalini, akadungwa sindano kwa miezi mingi. Nilimpelekea uji kila wiki. Siku moja aliniambia kwa sauti ndogo, "Kalekye, nilimtoa mtoto kwa mzima nikamlaza na mgonjwa."

"Ulimpenda, Mwaitu," nikamjibu. "Hukujua."

Alipona, ndugu zangu! Yule pale, amekaa na akina mama.

Pumu yangu bado inakuja mawele yakipurwa, lakini hofu haiji nayo tena. Kwa hiyo nakusihi wewe unayekohoa kwa siri, na wewe uliyemtenga mwenzako: mwombe Bwana, kisha simama uende ukapimwe. Kama huna wa kukushika mkono, njoo kwangu. Njia ya hospitali naijua, na tutapumzika kila kilima.