Kasi Yangu ya Leo

Mheshimiwa Mwenyekiti wa klabu yetu, wajumbe wa kamati, wazazi, makocha wenzangu, waogeleaji wa rika zote, na wewe fundi wa pampu uliyekaa karibu na mlango kana kwamba utaitwa kazini wakati wowote: hamjambo. Mniwie radhi nikiongea nimeketi. Magoti haya yamechuchumaa ukingoni mwa bwawa miaka mingi, na leo yamegoma kabla ya mwenye nayo.

Mheshimiwa Mwenyekiti, umenisifu ukamaliza, kisha ukaniomba mbele ya watu nibaki mwaka mmoja zaidi. Ukasema ng'ombe hazeeki maini. Ukumbi mzima ukapiga makofi, na mume wangu, aliyeshika koti langu pale nyuma, akainamisha kichwa, maana asubuhi alinionya: "Mama, wakianza makofi, usilegee." Ya maini siyajui, Mheshimiwa. Mimi nimefanya kazi na mapafu, na mapafu yanazeeka.

Waogeleaji wanaijua siku ya kipimo na wanaichukia. Kwa wageni nieleze. Mtu anaogelea mita mia nne kwa nguvu zake zote, akizigawa sawasawa tangu ukuta wa kwanza hadi wa mwisho. Tunagawa umbali kwa muda, na kinachopatikana ndiyo kasi yake ya juu ya pumzi, yaani ule mwendo ambao moyo na mapafu vinaweza kuuhudumia vikiwa vimefika ukomo. Kutoka hapo kila mmoja anashonewa nguo ya kimo chake: siku za kujenga pumzi anakwenda chini ya kasi hiyo, siku ngumu anaikaribia, na siku za vipande vifupi anaivuka kidogo halafu anapumzika. Baada ya wiki kadhaa tunapima upya. Kuna ugumu gani hapo? Hesabu yenyewe ni ya darasa la tano. Ugumu ni kulikubali jibu.

Yupo binti humu tunamwita Mkuki, kwa jinsi alivyokuwa akichoma maji. Mkuki, simama wakuone. Haya, kaa. Aliolewa, akajifungua, akarudi bwawani, na siku ya kwanza akaniambia, "Kocha, mazoezi nipangie kwa ile kasi yangu."

"Ipi?"

"Ile ya zamani."

"Ile ni ya msichana mmoja hivi," nikamwambia. "Mimi simwoni hapa."

Akaninunia. Akajiingiza kwenye mstari wa bwawa wanakoogelea wenzake wa zamani, na kabla wiki haijaisha nikamkuta ameng'ang'ania ukingo, anakohoa, anadai amepaliwa na maji. Nikamwambia maji hayana kosa, kilichompalia ni namba. Akakubali kupimwa, na kasi ikaonekana imeshuka sana. Alilia ndani ya miwani ya kuogelea, ambayo haina pa kupitishia machozi, ikabidi aivue ili niyaone. Kesho yake alihamia mstari wa watoto, na mtoto mmoja aliyeogelea mbele yake akamwambia, "Shangazi, mbona unanigusa miguu?" Akavumilia. Akapanda taratibu, kipimo kwa kipimo, na ile kasi ya usichana hakuifikia tena. Lakini alikuja kuogelea vizuri, na mpaka leo anafundisha wadogo zenu.

Kamati imeniambia mara kadhaa kwamba Mkuki hajakomaa kuwa kocha mkuu. Nimewasikia. Ndiyo maana wiki iliyopita nilimpa saa ya kupimia, nikavaa kofia, nikaingia majini mwenyewe. Mita mia nne, kama wengine.

Sikilizeni, ndugu zangu. Nusu ya kwanza nilidhani ninakwenda. Nusu ya pili nilikuwa ninavuta maji kama mtu anayefua blanketi. Nilipogusa ukuta sikuweza kuongea. Mkuki aliitazama saa, akanitazama mimi, na nikaona huruma inampanda usoni. Nikampa mlango wa kutokea, nikasema, "Labda nilianza kwa haraka mno." Kila mwogeleaji humu amewahi kunipa kisingizio hicho.

Akachuchumaa, akanigeuzia saa. "Hapana, Kocha," akasema. "Ulianza vizuri. Umechoka tu. Hii ndiyo yako ya leo."

Iliniuma. Bado inaniuma, nisiwafiche. Lakini nimeshika saa hiyo miaka yote nikitafuta mtu atakayeweza kumwambia jibu mtu anayempenda, na alikuwa amechuchumaa mbele yangu.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mwenyekiti, jibu langu ni hapana. Mwaka mnaouomba ni wa mwanamke wa zamani, nami simwoni hapa. Nimechoka, jamani. Nimechoka na alfajiri, nimechoka na dawa ya maji puani, nimechoka kupaza sauti. Mkuki, saa hii hapa, njoo uichukue. Kamati mtanisamehe kwa kutowasubiri.

Nikishapumzika vya kutosha nitarudi bwawani, mstari wa watoto. Binti yangu, utanipangia kazi kwa kasi uliyoiona wiki ile, na usinionee haya.

Mmenivumilia kwa muda mrefu kuliko mita mia nne, nami nawashukuru kwa masikio yenu. Baba, niletee koti, twende nyumbani.