Haidar Kasamehewa Kodi

Pale Xiaobei, mtaa wa biashara ugenini kwa Wachina, nje ya kibanda cha simu, kuna benchi la Watanzania; Mwenyezi Mungu na alisamehe kwa yote linayoyasikia. Alasiri ile, baada ya swala, Maulid alikaa moyo umemvimba. Mkokoteni wenye madirisha yake mapya ya alumini ulingoja neno lake uelekee kwenye kontena. Yalikuwa ya nyumba ya marehemu babake, Mji Mkongwe, Unguja. Asubuhi nzima alijiona bingwa, mpaka Abdulsamad, waliyemwita Kontena, alipoleta habari pamoja na birika la kahawa: Haidar, jirani wa Maulid ukuta kwa ukuta, kakarabati nyumba yake kwa chokaa, hakung'oa hata ubao mmoja wa kale, na kwa hilo serikali imemsamehe kodi.

— Haidar huyu huyu tuliyekuwa tukimwazima kanzu? alisema Maulid.

— Ukiona vyaelea, ujue kuna aliyezama, alisema Kontena. Kahonga huyo.

— Kahonga na nini? alidakia Getrude wa Moshi, maarufu kwa jina la Bei ya Mwisho. Mimi nasikia kaoa huko huko ofisini. Mke wa tatu!

— Mke wapi! alisema Kontena. Chini ya ile nyumba kuna hazina ya Sultani. Serikali inamziba mdomo.

— Basi tugawane, alisema Maulid. Ukuta ni wetu sote. Hazina haijui mpaka.

— Haba na haba, kaka, Getrude akamfariji.

Kontena akatikisa kichwa.

— Husuda hula mema kama moto ulavyo kuni. Ndiyo maana Haidar hafiki mbali.

— Amina! aliitikia Maulid, kwa sauti kubwa kuliko ya msikitini.

Sostenes, mgeni aliyefika juzi kutoka Bukoba, alikuwa bado anapuliza kahawa yake.

— Samahani, kaka Maulid. Wewe ulipouomba huo msamaha, walikujibuje?

Kontena akachungulia ndani ya birika. Getrude akazama kwenye pochi. Mwenye mkokoteni akauliza kwa kidevu: twende?

Haya mapya yakifika Unguja, fundi angeng'oa yale madirisha ya kale ya mvule ambayo babake aliyafungua kila alfajiri. Maulid akamwonyesha mwenye mkokoteni kiganja: ngoja. Akainuka, akaingia kibandani.

— Unampigia nani? aliuliza Kontena.

— Haidar.

— Heee! Umwambie nini?

— Salamu tu, alisema Maulid, mgongo kawapa. Muungwana hamsahau jirani.