Majani Niliyomchemshia Mama Mkwe

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Leo sikuja kujisifu. Nimekuja kuungama.

Wengi hapa Gasorwe mnanijua kwa miti shamba. Nilijifunza tulipokuwa wakimbizi kambini Tanzania, kwa bibi mmoja jirani yetu. Wenye pumu aliwachomea majani makavu ya rwiziringa, ule mmea wa maua meupe kama tarumbeta, wavute moshi kidogo tu. Mimi nilijifunza nusu, nikarudi Burundi na majivuno kamili!

Asubuhi moja mama mkwe alibanwa na pumu. Nikasema, kama moshi unasaidia, akinywa si atapona kabisa? Nikamchemshia majani mabichi. Jamani, ujinga wangu! Kabla ya saa sita mdomo ulimkauka, mboni za macho zikapanuka, akawa anachuma hewani maharage yasiyokuwepo na kuongea na marehemu mumewe.

Mkaja, ndugu zangu. Mkasema ni pepo. Mkakemea mpaka mkapoteza sauti, na mimi nilikemea pamoja nanyi, huku najua nilichompa! Niliogopa aibu kuliko kifo chake.

Alipolegea, mume wangu alimkimbiza kwa pikipiki kituo cha afya, nami nikafuata. Muganga akauliza, "Amekunywa nini?" Roho akanibana, nikasema.

"Ungesema mapema, mama! Sumu ya mmea huo hata sisi tunaitumia, tone tu kwenye jicho, tena kwa kipimo. Wewe umempa kikombe kizima!"

Mungu ni mwema. Siku ya tatu akili ilimrudia.

Lakini kwenu nilinyamaza. Mlishangilia kwamba pepo ametoka, nikaitikia amina. Tangu hapo, kwa kuogopa pepo, hakuna anayekubali kunywa naye chungu kimoja kwa mrija mmoja, kama ilivyo desturi yetu. Juzi, kwenye harusi kule Gitega, nilimwona akifungua kitenge na kutoa kikombe chake mwenyewe. Alikibeba toka nyumbani, asimsumbue mtu. Nililia, ndugu zangu.

Mama, nisamehe. Hukuwa na pepo hata siku moja. Ni mimi.

Namshukuru Yesu, aliyekuponya wewe na kunifungua mimi mdomo. Ndugu yangu mwenye siri ya namna hii, mtumaini Yeye, useme leo, usingoje kama mimi.

Nimeleta mutobe, juisi yetu ya ndizi, uko hapo nje. Mama yangu amekaa pale nyuma, peke yake kwenye benchi. Nani atatangulia kunywa naye?