Dada Penseli na Ndugu Yake wa Dawati Moja

Ndugu, majirani na wote mliofika kumsindikiza, familia imeniagiza niwasomee maisha ya dada yetu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Dada Penseli, na ambaye mwenyewe alionya kwamba akipambwa kwa sifa zisizo zake atanyanyuka kujibu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1963, katika nyumba iliyokuwa nyuma ya karakana ya baba, fundi redio, na miezi minne baadaye, katika nyumba hiyo hiyo, mama mdogo akajifungua binti, ambaye leo sote tunamwita Mwalimu, na ambaye ameketi hapa mbele.

Wote wawili walianza darasa la kwanza Januari 1971, Mwalimu akashika namba moja, marehemu namba mbili, na ikawa hivyo mwaka baada ya mwaka, wakikaa dawati moja kwa kuwa shule iliwapanga wanafunzi kwa nafasi zao, huku bibi akiwapokea mlangoni na swali lile lile, kwamba huyu mdogo anakupitaje, wewe mkubwa kichwani umeweka nini. Wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda, na marehemu alikonda kweli.

Novemba 1977, katika mtihani wa hesabu wa kumaliza darasa la saba, alibuni mtego, akaandika majibu ya uongo kwa makusudi, akaiacha karatasi wazi ili mwenzake achungulie na kunakili, akikusudia kuyafuta mwishoni na kuandika ya kweli, lakini kengele ikalia yeye bado anasubiri kuchunguliwa. Mchimba kisima huingia mwenyewe, Mwalimu aliongoza kama kawaida, na marehemu akakosa nafasi ya sekondari.

Alijifunza kazi kwa mchora mabango, akaajiriwa kituo cha televisheni mwaka 1986, akafunga ndoa tarehe 16 Desemba 1989 na fundi taa wa studio, wakajaliwa mtoto wa kiume na wa kike, na kuanzia 2004 akawa mtunzi na mchoraji wa katuni ya vichekesho iliyowakalisha watoto wenu sebuleni kila Jumamosi.

Mei 2009 alitoa kipindi kuhusu wasichana wawili wa dawati moja, ambamo yule wa namba moja, mwenye shingo ndefu kama ya Mwalimu, aliitwa Chungulia, na ushindi wake wote aliuiba kwenye karatasi ya mwenzake. Watu walicheka, na wiki iliyofuata wanafunzi wa Mwalimu wakawa wanarefusha shingo kila akiingia darasani, naye akampigia marehemu simu, akamwambia hajanakili jibu la mtu tangu azaliwe, akakata, na kwa miaka kumi na mitatu hakukanyaga kwake, hata kwenye harusi ya binti wa marehemu, na wazee waliotumwa kusuluhisha walinywa chai wakarudi mikono mitupu.

Marehemu alianza kuugua figo Machi 2022, na mwezi Juni Mwalimu akaingia wodini bila kuitwa, akasalimia, akasema kwamba siku ile ya mtihani kweli alichungulia, akaona majibu yote yamekosewa, angeweza kumgusa dada yake kwa kiwiko ili amwonye lakini hakumgusa, akafurahi, kwa sababu nyumbani watu wote walimkimbilia marehemu na michoro yake, na yeye hakuwa na kingine ila hiyo namba moja. Marehemu alicheka hadi muuguzi akaja kuangalia dripu, kisha akalia, akasema kuchungulia si kunakili, katuni ilimsingizia, na hilo lisomwe mbele ya watu siku ya kumzika, naye Mwalimu akakubali lisomwe lote, la kwake la kuchungulia na la mwenzake la mtego.

Alifariki dunia tarehe 3 Septemba 2022, asubuhi, Mwalimu akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotulelea watoto tulipokuwa hospitalini, na wafanyakazi wenzake wa studio. Mwalimu ametuomba tuongeze jambo moja ambalo hakuwahi kulisema hospitalini, kwamba miaka yote ile ya kununa hakukosa kipindi hata kimoja, alikuwa akifunga mlango na kutazama peke yake.

Pumzika kwa amani, dada yetu, nyuma ya mlango ule Mwalimu alikuwa anacheka.