Ladislas Baranyizigiye na Mstari wa Mwisho wa Wimbo wa Odeta

Ndugu waombolezaji, familia inawaomba mtusikilize kidogo, mzee wetu hakupenda maneno mengi, ingawa kelele za zumari yake mlizivumilia wote.

Marehemu Ladislas Baranyizigiye alizaliwa tarehe 9 Machi 1931 huko Rumonge, Burundi, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, kisha akajifunza useremala, kazi aliyoifanya hata baada ya kukimbia na familia yake mwaka 1972 na kupokelewa hapa Katumba mwaka uliofuata, na mabenchi mliyokalia leo ni ya mikono yake.

Tarehe 20 Juni 1953 alifunga ndoa na Odeta, sauti ya kwanza ya kwaya, mama ambaye akianza kuimba hata wagomvi walinyamaza, wakajaliwa watoto wanne, wa kwanza akiwa Séverine, aliyemuuguza mzee hadi mwisho. Odeta alifariki tarehe 14 Agosti 1992, na tangu siku hiyo mzee hakuimba tena.

Mwaka 1994 padre mmoja, akirudi kwao, aliiachia kwaya zumari nyeusi ya Kizungu iitwayo obo, vijana wakaijaribu wakaiweka kando, mzee wa miaka sitini na mitatu akaiomba. Sista Immaculata alimwelekeza namna ya kupanga vidole, na ndimi za kupulizia akawa anazichonga mwenyewe kwa matete ya bondeni, nyingi zikapasuka. Siku ya kwanza jirani yetu Masalu, mfugaji, alikuja mbio na fimbo akidhani fisi amekamata ndama wake, akamkuta mzee amevimba mashavu, akacheka mpaka akakaa chini.

Nia yake ilikuwa moja, kuupiga wimbo alioupenda Odeta, wote, mbele ya ndugu, ndipo matanga yaondolewe, maana kwa desturi yetu asiyeondoa matanga bado amekaa msibani. Kila tarehe 14 Agosti, kuanzia 1996, pombe ya ndizi iliandaliwa, ndugu wakakusanyika, akapiga vizuri mpaka mstari wa mwisho, hapo akaishusha obo na kusema pumzi imekata, tungoje mwakani. Watoto waliumia, na wajukuu walizaliwa ndani ya msiba.

Januari 1999 alianza kuugua moyo, daktari akamkataza kupuliza, akaitikia kwa heshima zote, na jioni akaloweka ulimi wa obo kikombeni kama kawaida. Agosti akakwama tena palepale. Alilazwa hospitali Mpanda mjini tarehe 28 Oktoba, akafariki Jumatano tarehe 3 Novemba 1999, alfajiri.

Juzi, hapa msibani, Masalu alituambia tusilolijua, kwamba akichunga bondeni alikuwa akimsikia mzee peke yake kwenye matete, akiupiga wimbo ule mpaka mwisho, mara nyingi, bila kukwama. Kumbe pumzi alikuwa nayo. Alikuwa hataki kumuaga mkewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, Sista Immaculata, majirani wote, Masalu aliyetoa ng'ombe, na maseremala wenzake waliochonga jeneza hili bila kuombwa. Tunamlaza kando ya Odeta, kwaya itauimba wimbo wao na safari hii hautakatishwa, na matanga ya mama yetu yataondolewa leo.

Baba, sasa hakuna wa kumuaga tena. Pumzika kwa amani, mkeo yuko hapo ubavuni.