Maganda Yaliyooza

Ndugu zangu, naomba nisome. Nikisimama mbele za watu maneno hunikimbia, kwa hiyo nimeyaandika nyumbani, taratibu.

Kazi yangu ni kubadilisha oili za malori yanayosubiri kuvuka mpaka hapa Tunduma. Oili chafu nilikuwa naimwaga kwenye shimo nyuma ya nyumba ya shangazi, aliyenilea. Mvua ziliponyesha shimo likafurika, oili ikaingia kwenye bustani yake. Mchicha ukakauka. Mboga zetu za kila siku zilitoka pale.

Nikamwaga sabuni ya unga, kama tunavyofua ovaroli. Povu likaipeleka oili mpaka kwenye matuta yaliyokuwa mazima.

"Sasa umeifua bustani yote," shangazi alisema. Baada ya hapo alikuwa ananiwekea chakula tu na kwenda zake.

Nilikwenda kwa bibi shamba, mtaalamu wetu wa kilimo. Nilikaa nje ya ofisi asubuhi nzima kabla ya kubisha hodi. Akaniambia kuna vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinakula mafuta, na vinaishi kwenye maganda ya kahawa yaliyokaa muda mrefu. Nichanganye maganda hayo na udongo.

Kule Mlowo, kwenye mashine ya kukoboa kahawa, nilikuta marundo mawili. Moja jipya, kavu. La pili jeusi, linanuka. Ndugu zangu, nawaambia ukweli, niliona aibu kumpelekea shangazi uchafu mwingine. Nikachukua yale maganda mapya, nikayachanganya na udongo wa bustani.

Wiki zikapita, oili iko vilevile. Bibi shamba akaja, akashika ganda, akacheka.

"Kijana, umejenga nyumba nzuri, wapangaji hujaleta! Wako kwenye lile rundo bovu."

Nikarudi Mlowo, nikachukua yale meusi. Safari hii nilichanganya na samadi pia, nikanyunyiza maji, nikageuza kila wiki ili vijidudu vipate hewa. Harufu ya oili ikapungua polepole. Mboga za kwanza niliziotesha kwa kujaribu tu, nikazing'oa bila kuzila, kama nilivyoelekezwa.

Asubuhi moja shangazi akaniita. "We, njoo huku."

Alikuwa amefukua tuta. Ndani kulikuwa na nyungunyungu wawili.

"Wamerudi," akasema. Akanipa jembe.

Namshukuru bibi shamba, na dereva aliyenibebea magunia yanayonuka kutoka Mlowo bila kulalamika sana. Shangazi, umekaa pale nyuma, asante.

Oili chafu siku hizi naiweka kwenye dumu, naipeleka wanakoipokea. Na ninyi, mkiambiwa mlete kilichooza, leteni kilichooza.